UZI: Baiskeli za stima kwa wazee wetu, tuziweke vipi mtu asishuke akilia mgongo na magoti

Mama_Nyalenda

Hamjambo wadau. Nafungua huu uzi juu ya kitu naona hapa Kisumu na kinaniuma sana. Watoto walio kazini mijini wanawanunulia wazazi wao baiskeli za stima, jambo zuri kabisa, mzee anaanza kuendesha amefurahi, halafu ukipita kwake baadaye unakuta imesukumwa kwa stoo imefunikwa gunia, ukiuliza unaambiwa mgongo, magoti, mikono inakufa ganzi, basi mzee amerudi kupanda boda. Na watu wanamalizia kwa kusema "ni uzee huo". Mimi nakataa. Niko na miaka 67, nilikuwa nesi mpaka nikastaafu, naendesha ya kukanyaga ambayo mota inakusaidia, naenda soko Kibuye, naenda kanisa, naenda kuona wajukuu Nyamasaria, na mwili uko sawa. Hao wenzangu tatizo lao ni kwamba baiskeli haikuwahi kupimwa na mwili wa mwenye kuiendesha. Imetoka dukani vile ilitoka kwa katoni, kiti kimewekwa kwa kijana anayeinamia usukani, halafu mtu wa miaka 70 anapewa ufunguo wa betri na chaja anaambiwa haya, endesha.

Nianze na kiti maana hapo ndipo pesa nyingi inapotea. Mtu akiumwa makalio anakimbilia kile kiti kinene cha jeli, anakibonyeza kwa kidole pale dukani anaona ni laini, ananunua. Sasa sikilizeni. Ukikaa kwa baiskeli unabebwa na mifupa miwili iko chini ya makalio, na hiyo mifupa imeumbwa ibebe uzito. Kiti kikiwa laini kupita kiasi mifupa inazama, ile sehemu ya katikati inainuka inakubana kwa mbele, damu na neva zinakandamizwa, ndio ganzi inaanza. Kwa wanaume wenye shida ya prosteti hapo ni pabaya zaidi, watafute kiti chenye mfereji katikati ama kilichokatwa tundu.

Upana wa kiti unaujua hivi, na hauhitaji kulipa mtu. Chukua kipande cha katoni, ile iko na mawimbi ndani, weka juu ya stuli ngumu ya mbao. Kaa juu yake umevaa nguo nyepesi, inua visigino magoti yapande kidogo, kaa vile huwa unakaa kwa baiskeli, tulia dakika moja kisha uinuke. Kwa hiyo katoni utaona mashimo mawili, kama hayaonekani vizuri pitisha kiganja polepole utayaskia. Pima kutoka katikati ya hili mpaka katikati ya lile. Watu wengi wanaangukia kati ya sentimita 10 na 15, na sisi wanawake mara nyingi ni mapana kuliko ya wanaume. Mtu anayeendesha akiwa wima aongeze kama sentimita 3 ama 4, huo ndio upana wa kiti chake pale nyuma. Mwenye kuinama sana anahitaji chembamba, lakini mzee gani anataka kuinama?

Halafu upepo wa tairi. Kijana wa pampu anajaza mpaka tairi ikawa jiwe anakwambia sasa iko fiti. Iko fiti kwa mkokoteni. Tairi pana ya inchi 2 na zaidi haitaki hivyo. Mtu wa kilo 70 hivi mbele psi 30 inatosha, nyuma 35 mpaka 40 kwa sababu uzito mwingi uko huko na kama mota iko ndani ya gurudumu la nyuma ndio zaidi. Ukuta wa tairi umeandikwa kiwango chake, usitoke nje ya hicho. Hiyo moja peke yake, bila kununua kitu, mtu anaskia tofauti kwa maramu na kwa matuta.

Nataka mafundi, madaktari wa viungo, na wazee wenyewe waseme. Watoto wanaotaka kuwanunulia wazazi pia waulize kabla pesa haijatoka.

fundi_kibuye

Mama habari yako, asante kwa kufungua hii. Mimi natengeneza baiskeli hapa karibu na Kibuye na hizi za stima sahi zinakuja kwangu kila wiki. Yote umesema kwa kiti na upepo ni ukweli. Ile ya kubonyeza kiti kwa kidole naiona kila siku walai.

Lakini naomba niongee kuhusu urefu wa kiti, hapo ndipo tunazozana na wateja. Mzee akija anataka miguu yote miwili ikanyage chini akiwa amekaa. Mimi namshushia. Najua watu wa hospitali wanasema kiti kiende juu, lakini hiyo baiskeli ina kilo 25 na mtu hana nguvu za kuishika ikianza kulala, akifika Kondele matatu imkate mbele ghafla na miguu haifiki chini, ataanguka vibaya. Kwangu usalama kwanza, goti baadaye.

fizio_kakamega

Fundi nakuheshimu ila hapo tutabishana kidogo, mimi kazi yangu ni viungo na magoti ndio yananiletea watu.

Kiti kikiwa chini sana goti linabaki limekunjwa muda wote na kila ukikanyaga ile pia ya goti inakandamizwa kwa mfupa wa paja. Mzee tayari ana yabisi, gegedu imeisha kiasi, unamfanyisha kazi na goti limekunjwa hivyo mara elfu kadhaa kwa safari moja. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba maumivu ya mbele ya goti mara nyingi kiti kiko chini ama gia ni nzito, maumivu ya nyuma ya goti kiti kimepanda sana, na ukiona mtu makalio yanacheza kulia kushoto akikanyaga pia kimepanda sana.

Kupima ni hivi, na afanye na mtu wa kumshikia. Baiskeli iko kando ya ukuta, mota IMEZIMWA kabisa, mzee amekaa na viatu vile huvaa kila siku, mkono mmoja kwa ukuta. Zungusha pedali kinyume mpaka moja ifike chini kabisa, aweke KISIGINO juu yake. Mguu unafaa kunyooka bila yeye kuegemea upande. Sasa akirudisha ile sehemu pana ya mbele ya unyayo kwa pedali, goti litabaki na kakunjo kadogo, kama digrii 25 mpaka 35, na kwa wazee mimi naegemea hiyo 35. Hapo ndio goti linapumua.

Yabisi isiwaogopeshe. Kuendesha baiskeli ni moja ya mazoezi mazuri kwa goti bovu kwa sababu uzito wa mwili umebebwa na kiti, goti linazunguka bila kupigwa chini kama kwa kutembea ama kukimbia. Mota ikisaidia ndio bora hata zaidi. Ila akanyage nyepesi na haraka kidogo, mizunguko 60 mpaka 70 kwa dakika, asisukume gia nzito kwa nguvu. Na zile dakika za kwanza tano ama kumi aende polepole mpaka goti lipate joto.

fundi_kibuye

Daktari nimekuskia na sibishani na goti. Lakini hujanijibu, mtu atasimama vipi pale Kondele?

fizio_kakamega

Swali la haki. Atasimama akishuka kwa kiti. Watu wanafikiri unasimama ukiwa umekaa, hapana. Ukikaribia kusimama unapunguza kwa breki zote mbili taratibu, pedali moja iko chini umeisimamia, unateleza mbele ya kiti, mguu mwingine unakanyaga ardhi wote mzima. Kwa fremu ya chini, ile watu wanaita baiskeli ya wanawake, hii ni rahisi sana kwa sababu hakuna chuma hapo katikati. Mzee afundishwe kwa uwanja wa shule Jumapili, mota imezimwa, mpaka mwili uzoee wenyewe.

Na nakubali kitu kimoja kutoka kwako. Mtu anayeanza ama mwenye hofu, anza kiti kikiwa chini vile unasema, halafu kila baada ya siku chache pandisha kwa upana wa kidole. Mota inapunguza mzigo kwa goti kwa hiyo ukikosa sentimita moja ama mbili si mbaya kama kwa baiskeli ya kawaida. Usimwache tu huko chini milele.

fundi_kibuye

Sawa hiyo naipokea, upana wa kidole kila siku chache. Nitaanza kuwaambia warudi kwangu niwapandishie, sitalipisha.

naks_section58

Habarini wote, mimi niko Nakuru. Nimemnunulia mum, ako 64, tunaishi Section 58. Kiti tumefanya vile mama amesema na katoni, imesaidia kweli. Shida yetu ni nyingine, anasema baiskeli "inamrusha". Akianza kukanyaga inakaa kidogo kama hakuna kitu halafu ghafla inasukuma, na akiacha kukanyaga inaendelea kidogo. Sasa ameogopa, hataki kuipeleka barabarani. Duka waliniambia atazoea tu. Nifanye nini?

fundi_kibuye

Naks hiyo inajulikana na asilazimishwe kuzoea. Kuna sensa za aina mbili. Moja inaangalia tu kama pedali zinazunguka, ikiona zimezunguka inaamsha mota na kuipa nguvu ya ile namba umeweka, haijali wewe umekanyaga kwa nguvu ama umegusa tu. Ndio maana inachelewa, inasukuma, na ukiacha inachelewa tena kukata. Ya pili inapima nguvu ya mguu wako, ukigusa kidogo inasaidia kidogo, ukikaza inakaza, inaenda na wewe. Ya pili ni ghali lakini kwa mzee ndio raha, kama mtu hajanunua bado aulize hilo swali kabla ya kuuliza betri ni kubwa kiasi gani.

Kwa hiyo ya mum, fanya hivi. Namba ya msaada iwe 1 wakati wa kuanza, KILA WAKATI, akishaenda ndio apandishe. Halafu ingia kwa mipangilio ya skrini, kontrola nyingi (kale kaboksi kanaongoza mota) ziko na mahali unaiambia mota ianze polepole, weka ya polepole kabisa. Tatu, angalia mikono ya breki kama iko na waya mdogo unaenda kwa kontrola. Huo waya unakata mota mara tu ukigusa breki. Kuna baiskeli naona hapa huo waya haujachomekwa kabisa ama umekatika. Jaribu ukiwa umeinua gurudumu, zungusha pedali kwa mkono mota ianze, gusa breki, inafaa ife hapo hapo. Isipokufa usimpe mum hiyo baiskeli mpaka itengenezwe.

Mama_Nyalenda

Hapo kwa kuanza naomba niongeze na mkaze sana masikio. Uholanzi ambako wazee wengi wanaendesha hizi baiskeli, imeonekana wanaanguka sana wakati wa kupanda na kushuka, kabla safari haijaanza ama ikishaisha. Kwa hiyo utaratibu uwe mmoja. Unashika breki zote mbili kabla mguu haujagusa pedali. Unavuka fremu na breki bado umeshika. Unaweka mguu wa nguvu kwa pedali ikiwa juu kidogo upande wa mbele, unaangalia skrini inasema 1, ndio unaachilia. Baiskeli yenye sensa ya kupima mguu, ukiegemea tu pedali ukiwa umesimama kwa taa inaweza kukuvuta mbele.

Na kuna mambo ya dawa. Wenzangu wengi tunameza dawa za presha, na hizo zingine zinaleta kizunguzungu ukiinuka haraka. Usitoke kwa kiti cha nyumbani moja kwa moja ukapanda baiskeli, simama kidogo, tembea, kunywa maji, ndio uende. Mwenye sukari ambaye miguu imekufa ganzi haskii pedali iko wapi, awekewe pedali pana zenye raba ya kushika kiatu, na aangalie nyayo zake jioni. Mwenye kumeza dawa za kuzuia damu kuganda akianguka akagonga kichwa AENDE HOSPITALI hata kama anajiskia mzima na anaongea vizuri, damu inaweza kuvuja ndani polepole. Na helmeti jamani, hata kama ni kwenda dukani tu.

Mwalimu_Luanda

Nawasalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Luanda kaunti ya Vihiga. Nataka kutetea Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma ya zamani.

Angalieni hizo baiskeli mpya zenye usukani ulionyooka, mtu anainama anabeba kifua chake kwa mikono. Sasa ilinganishe na Mamba. Usukani umerudi nyuma unakufuata, mgongo uko wima, kiti ni cha ngozi kipana chenye springi kubwa nyuma, magurudumu ya inchi 28 yanapita juu ya shimo badala ya kuingia ndani, stendi ya miguu miwili inaiweka wima ukiwa unafunga mzigo. Hayo yote ndiyo mnamtafutia mzee leo, na babu zetu walikuwa nayo. Kiti cha ngozi kwa muda kinachukua umbo la mwenye nacho, kuna nati kwa mbele unaikaza kidogo ngozi ikilegea, na usikiache kikanyeshewa.

Yangu nimeifungia mota ya volti 36 kwa gurudumu la mbele na betri kwa karia. Naipenda sana. Lakini wanaotaka kufanya hivyo wajue mambo haya. Breki za Mamba ni zile za fito za chuma, zinavuta raba kwa rimu kutoka ndani, na mvua ikinyesha hazishiki, na zinataka mkono wenye nguvu. Mtu amezoea mwendo wa kilomita 12 kwa saa, sasa mota inampeleka 25 na breki ni zile zile. Fundi wangu alibadilisha mbele na nyuma kabla hata ya kuunganisha betri, na mkono wa breki mpya ni mwepesi, mtu wa vidole vyenye yabisi anaweza. Anayenunua mpya achukue breki ya diski ya mafuta kama anaweza, kidole kimoja kinatosha.

Jambo la pili ni ekseli. Mota ikisukuma gurudumu, ekseli nayo inataka kuzunguka kinyume, inaweza kupanua ule mdomo wa foku, yaani ile panda inayoshika gurudumu la mbele, na gurudumu likatoka. Lazima kifungwe kile chuma cha kuizuia, kinashika ekseli upande mmoja na foku upande mwingine. Foku iwe ya chuma, isiwe aluminiamu. Fundi akikwambia nati peke yake inatosha tafuta fundi mwingine.

MtuWaBusia

Mwalimu umenikumbusha mbali. Baba yangu alibeba watu kwa baiskeli hapa mpakani miaka mingi, hiyo boda boda yenyewe jina lilitoka hapa kwetu, kutoka mpaka hadi mpaka. Sasa ako kwa sabini huko na hawezi kukaa nyumbani, tumemtafutia ya stima ameipenda, magoti hayamsumbui. Shida ni mikono na shingo. Anasema kidole cha mwisho na kile cha pete vinakufa ganzi akifika nusu ya njia, na shingo haigeuki, kwa hiyo hawezi kuona lori inatoka nyuma, na nyinyi mnajua malori ya Busia.

Mama_Nyalenda

Pole kwa baba. Hivyo vidole viwili ni neva inayopita pale kwa kiganja upande wa kidole kidogo, inakandamizwa na usukani. Akiskia ganzi kwa dole gumba na vidole viwili vinavyofuata, hiyo ni neva ingine ya katikati ya kifundo na mara nyingi mkono umekunjika kwenda juu. Mwangalie akiwa amekaa kwa baiskeli, wewe simama kando. Kiwiko kikunjike kidogo, kisiwe kimenyooka kama fimbo. Kifundo cha mkono kinyooke na mkono mzima. Mikono ya breki kama imeelekea chini sana ama juu sana fungua bolti uizungushe mpaka vidole viifikie bila kukunja kifundo, na nyingi ziko na kaskrubu kadogo ka kuileta karibu na vidole. Kisha mnunulie zile gripi pana zenye kabawa ka kulaza kiganja, uzito unasambaa, neva inapumzika.

Lakini uulize pia kwa nini uzito mwingi uko kwa mikono. Mara nyingi usukani uko chini na mbali, ama kiti kimeinamisha pua chini kwa hiyo anateleza mbele muda wote anajizuia kwa mikono. Weka kiti sawa na ardhi kwanza, hiyo ni bure.

fundi_kibuye

Usukani unainuliwa. Za zamani zenye shina moja unalegeza bolti ya juu, unaigonga kidogo, unavuta juu, ila USIPITE ile alama imechorwa kwa shina, ukipita inaweza kung'oka ukiwa kwa mwendo. Hiyo alama iko pia kwa posti ya kiti, hapo pia usipite. Za kisasa kuna kipande cha kuongeza urefu, ama unabadilisha usukani wote unaweka ule unarudi nyuma kama wa Mamba vile mwalimu amesema. Angalia kama waya za breki na za mota zinafika kabla hujakaza, nikikuta zimevutwa kama kamba ya nguo najua hapo zitakatika ukikata kona.

Shingo ni kioo. Weka kioo, upande wa kulia kwanza maana magari yanakupita kulia, cha kushoto pia ukiweza. Mtu wa shingo ngumu akijaribu kugeuka baiskeli inafuata bega inaingia barabarani. Mzee aangalie kioo, asigeuke.

Kiboswa_juu

Na sisi wa milima je? Mamboleo mpaka huku Kiboswa ni kupanda tu. Mama yangu mdogo yake ni ya mota ya nyuma bila gia na inachoka, inapata moto.

fundi_kibuye

Mota ya ndani ya gurudumu haiwezi kutumia gia zako, ikienda polepole kwa mlima mrefu inapata joto na inakula betri. Kwa milima ile mota ya katikati pale kwa pedali ni bora, inavuta mnyororo kwa hiyo ukiweka gia nyepesi na yenyewe inapumzika. Kama ndio hiyo anayo, asingojee mwendo ufe ndio aongeze msaada, aongeze mapema kabla ya mlima, na mota ikiwa moto ukiigusa asimame kwa kivuli.

Betri hesabu ni rahisi. Volti mara ampia saa, ya volti 36 na ampia saa 10 ni wati saa 360. Gawanya na 12 kwa mwendo wa kawaida unapata kilomita 30, kwa milima gawanya na 18 ama 20. Ukijua hiyo mzee haendi akiwa na wasiwasi wa kuishiwa njiani. Na isichajiwe ikiwa imetoka juani moto, iache ipoe.

naks_section58

Wadau nimerudi. Tumeweka namba 1, tukapata ile sehemu ya kuanza polepole kwa skrini, na waya wa breki ya kushoto ulikuwa haujachomekwa vile fundi alisema!! Mum ameenda mpaka tao na kurudi, amepandisha Milimani akiongea na simu imewekwa mfukoni na spika, nimemwambia aache hiyo. Kuhusu magoti anauliza, goti lake la kulia lilifanyiwa opereshini zamani na halikunjiki sana, akizungusha linamuuma pale juu kabisa ya mzunguko. Kiti tumeshapima na kisigino kiko sawa.

fizio_kakamega

Mwambie hongera. Hapo tatizo ni urefu wa ule mkono wa pedali. Wa kawaida ni milimita 170, na pedali ikifika juu goti linatakiwa kukunjika karibu digrii 110. Goti lisilofika hapo litauma hata kiti kikiwa sawa. Tafuta mikono mifupi, 155 ama 150, mzunguko unakuwa mdogo goti halikunjwi sana. Ukifupisha kwa milimita 15 pandisha kiti kwa milimita 15 hizo hizo, usisahau. Kabla hujanunua amuone mtu wa viungo ampime goti linakunjika kiasi gani, na kama linavimba baada ya kuendesha aache kwanza.

Mwalimu_Luanda

Swali kuhusu throtoli, ile ya kuamsha mota kwa mkono bila kukanyaga. Yangu iko nayo na inanisaidia sana kuanza kwa mlima, lakini mke wangu alikuwa anaisukuma baiskeli kuingia nyumbani, mkono ukazungusha ile ya kuviringisha, ikamvuta mpaka mlangoni. Hakuumia, namshukuru Mungu.

fundi_kibuye

Mwalimu badilisha hiyo uweke ya kubonyeza kwa dole gumba, ile ya kuviringisha si ya mtu mzima kwa sababu ndio unashika ukisukuma. Na sheria ya nyumba iwe moja, ukishuka unazima. Kama skrini yako iko na hali ya kutembea, unabonyeza inaenda polepole kama kilomita 6 kwa saa, hiyo ndio ya kupandia ngazi na mlango, uweke na ubao wa kuteremkia, msiinue kilo 25 kwa mikono. Betri pia itoe kwanza, hizo ni kilo mbili tatu zimepungua.

MtuWaBusia

Baba amewekewa kioo na gripi, ganzi imepungua sana, asanteni. Imebaki mgongo wa chini, huku kwetu maramu ni ya mawe. Tairi tumepunguza upepo. Kuna mtu aliniambia ninunue posti ya kiti yenye springi, ni kweli inasaidia ama ni ya kula pesa?

Mama_Nyalenda

Inasaidia, mimi ninayo na kwa maoni yangu ni pesa nzuri kuliko foku yenye springi, maana foku inalinda mikono lakini mgongo unapigwa kutoka chini ya kiti. Ila ikazwe kwa uzito wa baba. Springi ya mtu wa kilo 100 mtu wa kilo 60 hataiskia. Akikaa iingie chini kidogo, robo hivi ya urefu wote springi inaweza kushuka, ikibaki na nafasi ya kupokea shimo. Na kwa kuwa anashuka nayo akikaa, urefu wa kiti mpime akiwa ameshakaa, ile kipimo cha kisigino mrudie upya.

fundi_kibuye

Na kabla hujalipa, toa ile posti ya zamani uangalie chini kabisa kuna namba imegongwa. Nyingi ni 27.2, zingine 30.9 ama 31.6, kuna zingine pia. Tofauti ya nusu milimita inafanya posti icheze ndani ya fremu ama isiingie kabisa. Kama namba imefutika ilete yenyewe dukani wapime na kalipa, usiende na picha ya simu. Ikipatikana nyembamba kuliko fremu kuna vipande vya kuzibia, ila kubwa hakuna dawa. Ukikuja Kisumu pitia na baba mwenyewe, baiskeli peke yake bila yeye sitajua niikaze kiasi gani.